Mifano Yangu ya Neno Run

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, siku matokeo ya urais yalipotangazwa, jiwe la kwanza lilianguka juu ya mabati yetu, mtaani Mashimoni. Muda mfupi baadaye vijana walikuwa wakigonga mlango mmoja baada ya mwingine, wakiuliza mtu ametoka wapi, yaani ni kabila gani na alimpigia nani kura. Mimi nimetoka Machakos. Jirani yangu seremala, mtu wa mkoa wa Western, alihesabiwa wa upande wao, hakuwa na la kuogopa.

"Fundi, leta hiyo cherehani kwangu," aliniambia. "Nitasema ni yangu. Wewe toka."

Tuliibeba pamoja. Droo ya cherehani sikuifungua.

Ndani ya droo kulikuwa na daftari langu la Kiingereza. Nilijifundisha peke yangu, neno moja kila wiki: nilisoma maana zake zote kwenye kamusi, kisha nikatunga sentensi moja kwa kila maana. Mifano ya kamusi ilijaa farasi na mito, haikukaa kichwani. Kwa hiyo nilitumia wapangaji wenzangu wa ploti yetu. Wiki ile neno lilikuwa run: kukimbia, na maana nyingine kibao.

Jioni ile nilitembea hadi Kawangware kwa dada yangu. Siku ya tatu nilirudi. Cherehani ilikuwa nje kwenye uchochoro, imeungua, imebaki chuma cheusi. Mke wa seremala alikaa mlangoni, daftari langu mapajani. Kumbe alikuwa amemaliza Form Four na Kiingereza alikijua; sikuwahi kumuuliza.

Akanisomea, akitafsiri polepole. "Seremala hukimbia karo ikidaiwa. Mkewe ndiye anayeendesha nyumba, lakini vibaya. Makamasi ya watoto wao hutiririka mwaka mzima. Akili zilimwishia seremala kabla hajaoa."

"Ni mazoezi tu, mama," nikasema.

"Mazoezi? Na sisi ndio ubao wako?"

Seremala, pale pembeni yake, aliendelea kupiga randa. "Wale vijana walikuja jana, wakauliza cherehani ni ya nani," akasema bila kuniangalia. "Mama watoto alikuwa ameshanisomea daftari lako. Sasa mtu aliyeishiwa akili angejuaje kudanganya?"

Wateja wake wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Mmoja akaniambia, "Kimbia basi, mwalimu, tuone hiyo run."

Mke wa seremala akanirushia daftari miguuni. Nililiokota.

Niliporudi Kawangware nilizikagua sentensi zote upya. Hakuna hata moja iliyokuwa na kosa. Chini ya ile ya mwisho, ya akili za seremala, niliandika bei ya cherehani: shilingi elfu kumi na moja na mia tano.