Kanisa Lilipohamia Nyumbani kwa Bibi

Wiki iliyopita tulikaa kikao cha kanisa hapa mjini Baraka, chini ya mabati yaliyokuwa yanawaka joto. Kipindupindu kimerudi na mvua, na ajenda ilikuwa moja tu: Jumapili tukusanyike au tusikusanyike? Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole, "Tufunge kanisa, tuombe mu manyumba, batu kumi kumi." Wote wakaitikia kwamba hiyo ndiyo akili. Mimi nikajikuta nimesimama, nikasema, "Hapana. Fanyeni yote, lakini si mu manyumba."

Walinishangaa, maana mimi si mtu wa kupinga. Kazi yangu kwenye vikao ni kuandika majina ya waliofika na kumkumbusha mchungaji saa. Baada ya mabishano wakaamua tusali kwenye uwanja wa shule, kila familia isimame peke yake, kwa muda wa saa moja tu, na mtu asile wala asinywe kitu pale. Nikapumua. Sababu yangu hawakuipata. Nakupa wewe, ndugu yangu, kwa kuwa nimeibeba tangu nikiwa na miaka tisa na nimechoka nayo.

Nililelewa na bibi yangu, mama mzaa mama, katika nyumba ya matofali mabichi karibu na njia inayoshuka ziwani. Sisi wajukuu tulimwita Koko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, na alijulikana mtaa mzima kwa jambo moja: hakuna aliyepita mlangoni kwake akatoka na tumbo tupu. Ukija kuomba moto, utakula. Ukija kudai chumvi yako, utakula kwanza. Wageni waliotoka Mboko na mihogo yao, jamaa waliovuka kwa mtumbwi kutoka Ubwari, wote walijua kwamba kwa Koko kuna bugali. "Mugeni hawezi kutoka kwangu na njaa," alisema, "Mungu ataniuliza." Nyumba ilinuka mawese na samaki mkavu mwaka mzima. Nikisikia harufu hiyo leo sokoni, naweza kusimama nikasahau nilichoendea.

Jirani yetu alikuwa mke wa fundi wa baiskeli. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na alikuwa na mtoto mchanga ambaye alimfunga mgongoni hata akiimba. Kila Jumamosi mchana alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka, akivuta nywele mpaka machozi yananitoka, huku akijaribu wimbo wa kesho. Alicheka kwa nguvu sana. Koko alimwambia mara nyingi kwamba mwanamke aliyeokoka hacheki hivyo, naye akacheka zaidi. Nilimpenda kuliko nilivyoweza kusema, na nilikuwa na wivu na yule mtoto mgongoni.

Msimu ule wa mvua, nikiwa na miaka tisa, ugonjwa ulianza kwa maneno tu. Wengine walisema umeletwa na vijana waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu kule Misisi, wengine wakasema umekuja na wavuvi. Kisha tukaanza kuona pikipiki zikipita mbio, mgonjwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake, kichwa kinaning'inia. Zilikwenda kwenye mahema meupe yaliyojengwa nyuma ya kituo cha afya. Baadaye walikuja watu waliovaa magunia ya plastiki, pampu mgongoni, wakapulizia dawa ya klore kwenye nyumba ya mgonjwa, kitanda, choo, kila kitu. Sisi watoto tulijificha nyuma ya migomba. Mwenzangu wa darasa alikuwepo Jumatatu akinikopa kalamu, Alhamisi mwalimu akafuta jina lake. Nakwambia kweli, niliogopa kula, niliogopa kwenda chooni, na kila tumbo langu liliponguruma nilijua zamu yangu imefika.

Wakuu wa kanisa walikaa siku mbili kubishana. Tuliwasikia kupitia madirisha yasiyo na vioo. Mmoja akasema kufunga kanisa wakati wa taabu ni kumfungia Mungu mlango. Mwingine akajibu kwamba Mungu hana haja ya watu mia tatu kwenye mabenchi ya watu mia moja. Mchungaji, ambaye alikuwa amezika watu wanne wiki ile, ndiye aliyemaliza mabishano. Alitoka nje akatutangazia sote tuliosimama pale: "Kanisa inafungwa. Tutaomba mu manyumba, batu kumi kumi, mpaka Mungu aondoe hii tabu." Watu wakamshukuru. Ilionekana ni uamuzi wa busara, na hata leo siwezi kumlaumu.

Jumapili iliyofuata rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu haikupigwa. Kimya kile kilinitisha kuliko zile pikipiki. Niliamka nikangoja, nikangoja, nikadhani labda wote wamekufa na mimi nimebaki.

Sasa sikiliza kosa letu lilipokuwa, maana nadhani lisingefanywa na watu wengine ila sisi. Kanisani hakuna aliyekula. Tulikaa, tukaimba, tukarudi kwetu. Lakini nyumba ni nyumba. Ukiwaita watu kumi waje kwako kuomba, halafu waseme amina na kuondoka mdomo mkavu, utaweka wapi uso wako? Jumapili ya kwanza walioalika watu walitoa chai na mikate ya kukaanga. Ya pili, nyumba moja ikatoa wali. Habari zikaenea, na ya tatu kila mama alitaka nyumba yake isiwe ya aibu. Wapo wazee ambao hatukuwaona kanisani tangu Pasaka, nao wakaokoka upya, wakawa wanasali katika nyumba mbili asubuhi moja. Tulikuwa tumekimbia kukaa pamoja kwenye benchi, tukaenda kuchovya mikono pamoja kwenye beseni moja na kumega bugali moja. Hakuna aliyeliona hilo. Tuliona upendo tu, na kwa kweli ulikuwa upendo.

Jumapili ya nne ilikuwa zamu ya Koko.

Alijiandaa siku tatu. Jumamosi alitwanga sombe, majani ya mihogo, kwa kuwa kwetu Jumapili mchi haulii, akaipika na mawese mpaka jioni, akaifunika apate kuipasha moto kesho yake. Jumapili alfajiri akanipa bidoni ya lita ishirini. "We mutoto, enda ku robine. Usishuke ku ziwa. Batu ba afya balikataza maji ya ziwa. Unasikia?" Nikasema, "Nimesikia, Koko." Akaniita tena nikiwa nimeshatoka: "Ku robine!"

Kwenye robine, bomba la maji la mtaa, niliona bidoni za njano zimepangwa mpaka kwenye ukuta wa shule. Maji yalikuwa yanatoka membamba kama uzi. Wanawake walikuwa wanagombana, mmoja akatupiwa bidoni yake kando. Nikaweka yangu nyuma, nikasimama. Jua likapanda. Nilimjua Koko: wageni wakifika bila maji ya kunawa atakuwa amekufa kwa aibu kabla ya kipindupindu kumfikia. Zaidi ya hapo, na hili ndilo gumu kulisema, niliogopa kusimama katikati ya watu wale wote. Mtu mmoja mbele yangu alikuwa anakohoa na kutema mate, na mimi sikujua ugonjwa unaingiaje mwilini. Nilidhani unaruka kutoka mtu hadi mtu. Ziwani hakukuwa na watu. Maji yalikuwa meupe, baridi, yale yale tuliyokunywa tangu kuzaliwa. Nikachukua bidoni yangu, nikashuka.

Nilijaza haraka. Niliporudi nyumbani Koko alikuwa anapuliza moto. Akaangalia bidoni, akanitazama. "Ni ya robine?"

"Ndiyo, Koko."

"Muzuri. We ni mutoto mwema."

Wageni walifika mapema, watu kumi na wawili, kabla sombe haijachemka vizuri. Koko akaiepua hivyo hivyo. Wakaomba kwa kulia. Jirani aliimba akiwa amesimama karibu na mlango, mtoto mgongoni, na sauti yake ikajaza chumba mpaka nikaacha kuogopa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Baadaye nikapita na beseni na jagi, kila mmoja akanawa, na maji yalipochafuka sikuyabadilisha. Walikula, wakasifu. Jirani akaniita kwa utani wake. "Mama mudogo, niletee maji, koo imekauka." Nikamletea kikombe. Akanywa chote, akanirudishia, akasema, "Ingine." Nikachota kingine kwa mkono wangu, akakimaliza, akafuta mdomo, akacheka kile kicheko chake.

Jumanne mchana nilisikia mume wake akipiga kelele uani. Nilipochungulia, jirani alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na choo, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliniona. Alifungua mdomo kuniambia kitu, sauti haikutoka. Wakampandisha kwenye pikipiki. Koko akamchukua mtoto, akasimama njiani akiomba kwa sauti mpaka pikipiki ikapotea. Mimi niliingia ndani nikajificha nyuma ya magunia ya mihogo, nikamwambia Mungu kwamba akimponya nitasema. Niliahidi mara nyingi, kwa maneno mbalimbali, nikidhani pengine sikusikika. Jumatano asubuhi mume wake alirudi kwa miguu, peke yake.

Hawakuturuhusu kumzika kwa desturi zetu. Walimweka kwenye plastiki, watu wachache wakasimama mbali. Watu wa pampu wakaja kupulizia kwao, kisha kwetu. Watu wengine wawili waliokula siku ile waliugua wakapona. Mimi niliyekunywa maji yale yale sikuumwa hata tumbo, na hilo nalo nililihesabu kuwa adhabu.

Najua unachotaka kuniambia. Jirani alikuwa amealikwa nyumba mbili nyingine wiki ile, kwa kuwa kila mtu alitaka aanzishe nyimbo. Alifua nepi za mtoto ziwani kila siku. Nimeyapanga hayo yote kichwani, mbele na nyuma, miaka yote hii. Hayanisaidii, kwa sababu mimi nakumbuka kikombe.

Mvua zilipokwisha, kanisa likafunguliwa. Rimu ikapigwa, watu wakalia kwa furaha, mabenchi yakaonekana kuwa na nafasi nyingi. Mchungaji akauliza kama yupo mwenye neno la toba au la shukrani. Koko akasimama. Alitembea mpaka mbele, akapiga magoti kwenye saruji, jambo ambalo kwa magoti yake lilimchukua muda. Akasema: "Ni mi njo nilimupikia. Sombe ilikuwa ya jana, sikuichemusha muzuri. Chakula ilitoka mu mikono yangu, na ule mama akakufa. Mungu anisamehe. Na ninyi munisamehe."

Mume wa jirani akatoka na mtoto mikononi, akamwinua Koko, akamwambia, "Mama, sina neno na wewe," akampa mtoto amshike. Watu wakalia. Mchungaji akaomba. Mimi nilikuwa kwenye benchi la watoto, safu ya pili, hatua nne kutoka pale alipokuwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikamwona kila mtu akimtazama, nikawaza watakavyonitazama mimi, nikaufunga.

Tangu siku ile Koko hakumpikia mgeni. Alitupikia sisi wa nyumbani, basi, tena akituangalia tukila kwa hofu. Mgeni akija, alitoa kiti nje, akafunga mlango nyuma yake, akazungumza naye kwa adabu mpaka akaenda zake. Jamaa wa Ubwari wakaanza kushukia kwa watu wengine. Wakati mwingine nilimkuta amekaa jikoni kwenye kigoda, mikono kwenye magoti, anaitazama ile mikono. Kanisa lilishamsamehe, mume wa jirani alimsamehe, na yeye hakukubali. Nyumba ile sasa imeanguka, wamejenga duka la kuchaji simu. Wajukuu wangu wa ukoo hawaamini nikiwaambia kwamba pale watu walikuwa wakila bila kuulizwa ni nani.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Nilikuwa naye mchana na jioni, shambani, njiani, akiwa mgonjwa na akiwa mzima. Ningeweza kumrudishia jiko lake kwa maneno matano tu: Koko, maji ilikuwa ya ziwa. Niliyasema peke yangu mara nyingi, nikichota maji, nikijaribu sauti. Siku yake ya mwisho alinishika mkono, akawaambia waliokuwepo kwamba katika wajukuu wake wote, mimi ndiye ambaye hakuwahi kumdanganya. Nikamwitikia, "Ndiyo, Koko."