Bomba Juu ya Vichwa vya Kina Mama

Mwenye mtambo wetu wa barafu, hapa Kizingitini, alinicheka mbele ya watu. "Fundi, baridi? Lamu hii? Utaiona wapi hiyo baridi?" Alikuwa amenunua kipande cha bomba la chuma mahali pa kile kilicholiwa na kutu, nami nikamuuliza kama chuma chenyewe kilipimwa kwa kupigwa kikiwa baridi. Akaona nina wazimu. Nje jua la kaskazi lilikuwa linapasua vichwa.

Sasa bomba na jua wapi na wapi! Bomba linajua kilichomo ndani yake tu, na ndani ya letu hupita amonia ya chumba cha kugandishia samaki, baridi ya kunatisha mkono ukigusa. Na chuma cha kawaida kina tabia zake. Kikiwa na joto ukikipiga kinabonyea. Kikishikwa na baridi kali kinaweza kukatika ghafla kama kopa la muhogo mkavu. Ndiyo maana kanuni zinataka, baridi ikipita kiasi, vipande vya chuma kile kile vitiwe mkato katikati, vigandishwe, kisha vipigwe na nyundo ya mashine, ionekane vinastahimili pigo kiasi gani. Letu halikupimwa. Nililalamika mpaka bwana mkubwa akachoka, akakubali kipande kilichobaki baada ya kulifunga kipelekwe Mombasa kupimwa. Ila mtambo hauzimwi, akasema, samaki wamejaa.

Chini ya bomba lile, ukutani, palikuwa na benchi la kina mama wanaosafisha samaki. Walipachagua wenyewe kwa sababu ukuta ule una ubaridi. Katikati ya benchi alikaa mama yangu mzazi.

Kila nilipofungulia gesi moto kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye mabomba ya chumbani, bomba lilishtuka, ti! na moyo wangu nao ti! Ya Rabbi, lisikatike. Amonia ikimfumukia mtu usoni, macho na mapafu ndiyo yanakwenda. Kina mama wanacheka, wanasengenya maharusi, mimi nimesimama mlangoni nahesabu vichwa vyao.

Mwishowe nikashindwa. Nikamvuta mama kando, nikamwambia kwa sauti ya chini ahamie kivulini karibu na lango, na nikamweleza sababu.

"Limevunjika?"

"Bado, mama."

"Litavunjika?"

"Sijui. Ndiyo linapimwa."

Akaligeukia benchi, akalitazama kutoka ncha hii hadi ile. "Na hawa?"

Nikamshika mkono nimvute kuelekea langoni.

"Ala! Mimi ni mamako, na hawa ni mama wa nani? Nipishe ndia."

Akarudi kukaa mahali pake pale pale, chini ya kiungo cha bomba, akashika kisu akaendelea na samaki wake.

Wallahi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na mwenye mtambo, na zaidi nafsi yangu. Nikaingia chumba cha mashine, nikairudisha amonia kwenye tangi lake, nikafunga valvu, nikazima. Kimya kile kilimleta mwenye mtambo mbio, na wavuvi nyuma yake wanatukana. Samaki wataoza! Kazi huna! Nikamwambia, "Haya, washa wewe, kisha ukakae pale kwenye benchi." Akaiangalia swichi. Hakuiwasha. Akatuma watu wakatafute barafu Lamu mjini, huku ananinong'onea matusi ambayo sikujua mtu mzima anayaweza.

Mtambo ulikuwa bado umezimwa majibu ya Mombasa yalipofika kwenye simu yake. Aliyasoma amesimama mlangoni, midomo imemkauka.

"Vimekatika," akasema.

"Vyote?"

"Vyote. Pigo la kwanza tu." Akakaa juu ya kreti la samaki, akajifuta uso. Samahani hakusema, na mimi sikuingoja. Nilichukua ngazi nikaenda kulifungua bomba lile.

Kina mama walikuwa wamekaa vile vile. Mama alikuwa anajipepea na kifuniko cha boksi, jasho linamtiririka shingoni.

"We fundi," akaniita, ili wenzake wasikie, "ukuta wako leo una joto! Unataka kutuua?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha kama kawaida yetu. Niliushika ukuta ule wa moto juu ya kichwa chake, nikalia.