Jembe Lililotoka Kwenye Shimo la Utafiti

Mimi si mwanamke wa kuona mambo. Nina duka la madaftari Rwamishenye, watu wananifahamu, na siku hiyo sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja pombe. Haya yalinipata saa tisa mchana, juu ya kilima upande wa Kamachumu, na tulioona mwisho wake tulikuwa wanne.

Ni wakati ule wa utafiti wa mgodi wa chuma. Wilaya nzima ya Muleba ilichangamka, wengine walishaanza kujenga vyumba vya kupangisha. Mimi niliajiriwa kupanga vipande vya mwamba kwenye masanduku na kuandika vimetoka kina gani. Mashine ya kuchoronga iliendeshwa na shemeji yangu Deo, mume wa dada yangu.

Mvua ilianza asubuhi, na hadi saa tisa ilikuwa haijakatika. Deo na wasaidizi wake wawili walijikinga chini ya turubai, mimi nikabaki nafunika masanduku. Nilipoinua macho, mzee mrefu alikuwa amesimama kando ya shimo. Alijifunga gome la mti, lile vazi la mababu zetu, na mikono yake ilikuwa na masizi hadi viwikoni.

"Shikamoo, tata," nikamwambia, yaani baba kwa lugha yetu.

"Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi?"

"Mita themanini."

Akatabasamu. "Basi bado kidogo. Hebu sikiliza."

Akanionyesha bomba lililozama shimoni. Nikatega sikio. Wewe usingetega? Nikasikia nyundo, ndugu yangu. Nyundo nyingi zikipiga kwa pamoja, mivukuto ya wahunzi ikipumua, na watu wakicheka huko chini kama wako harusini. Moyo ulinienda mbio, lakini si kwa hofu. Nilitaka kucheza. Nilikumbatia bomba lile na lilikuwa la moto kama kikombe cha chai.

"Mwambie kijana wenu asichoronge tena leo," mzee akasema. "Chombo chake kikifika mikononi mwetu, tutakifua."

Nikageuka kumuuliza yeye ni nani. Hayupo. Pale aliposimama, tope lilikuwa limekauka na kupasuka kama sakafu ya jikoni, na mvua bado inanyesha.

Nilikimbia kwa Deo nikamweleza yote. Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, umelowa sana. Nenda ukakae kwenye gari. Msimamizi anataka mita tano kabla ya jioni."

Akaenda akawasha mashine. Mimi nilikuwa namuwaza dada yangu, mimba yake miezi saba. Sikubishana tena. Nilimrukia Deo kiunoni nikamvuta kwa nguvu zote, tukaanguka topeni wote wawili. Alikuwa bado anafoka pale bomba lilipolia na kuchomoka shimoni, likapita pale pale kilipokuwa kifua chake.

Lilipotua tulisogea kulitazama. Kile kichwa cha kukatia mwamba kwenye ncha yake hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na jembe, amini nakuambia, jembe la kienyeji lenye alama za nyundo, jekundu kwa moto, matone ya mvua yakichemka juu yake. Deo alivua kofia yake ya kazi.

Msimamizi alilifunga kwenye gunia akasema ni chuma kilichopinda. Miezi michache baadaye wenye utafiti waliondoka, mashimo yakazibwa kwa saruji. Walitaja sababu zao, na sisemi walidanganya. Deo sasa analima kahawa. Haniiti shemeji tena, ananiita mama, anasema siku ile nilimzaa mara ya pili.

Na mimi? Tangu siku ile sijashika chuma kikawa baridi. Kufuli la duka alfajiri, sufuria, hata sarafu, vyote vina joto la mkono wa mtu.

Kwa hiyo nakuonya. Mgodi ule ukirudi ukapata kazi pale, usitege sikio kwenye bomba, hata ukibembelezwa. Ukisikia watu wale wanavyofurahia kazi yao, utataka kushuka. Mimi hadi leo nataka.