Mtandao wa Kuozeshea

Mimi subira sina, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu, kinazunguka wee, kinazunguka, huwa kinanipandisha mori mpaka natamani kuitupa simu dirishani. Kwa hiyo wiki zile za kabla ya ndoa ya mdogo wangu, pale ghorofa ya tatu Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kila mtu nyumbani alinipisha njia. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Mwacheni huyo, ana ugomvi na mtandao."

Nao ugomvi ulikuwa na sababu. Baba yetu alikuwa Durban. Aliondoka pale kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi kilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani wakasubiri kuitwa, wakasubiri mpaka wakachoka. Siku zile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka yamejaa bidhaa, redio mpya zinaanzishwa, magari ya mitumba yanashushwa bandarini usiku na mchana, na baba yangu amekaa barazani hana kazi. Akasema anakwenda Afrika Kusini, mwaka mmoja tu. Ule mwaka ukavuta mwingine. Kule alipata kazi ya kulinda geti la karakana ya magari, makaratasi hana, akitoka harudi, na sisi tulikuwa tunakula kwa hicho hicho alichokuwa akituma. Hivyo tukakua naye kwenye simu.

Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Magomeni, baba alipiga simu akasema jambo moja. "Huyu nitamwozesha mwenyewe, kwa kinywa changu. Ami yenu apumzike."

Ami ni mdogo wake baba, na ndiye aliyeniozesha mimi. Niliolewa miaka ya nyuma, baba yuko huko huko, simu za nje bei yake haishikiki, akampa ami wakala na ami akasimama mahali pake. Baba alipiga jioni ya siku ile, shughuli imekwisha, masufuria yanasuguliwa. Nikatoka mbio na kanga zangu za biharusi kuja kupokea, laini ikawa imekatika. Watu walinitania kwamba nina haraka hata siku ya harusi yangu. Nilicheka nao, lakini iliniuma, na iliendelea kuniuma. Kwa hiyo niliposikia kwamba mdogo wangu atasikia sauti ya baba, niliapa kwamba atasikia, hata kama ni kubomoa ukuta.

Mimi na ami tulikwenda kwa shehe. Shehe hakupendezwa. "Wakala unatosha, mnajitaabisha nini?" Nikambembeleza, na kubembeleza si kazi yangu. Mwisho akakubali kwa sharti. "Baba akishatamka 'nimekuozesha', bwana harusi ajibu papo hapo, isipite nafasi katikati. Na mashahidi wauone uso wake, wajue ndiye, sauti peke yake sitaki. Sasa huo mtandao wenu ukianza kugandaganda, mimi sitangoja. Ami yake atakuwa amekaa hapa na wakala wake mkononi, ataozesha yeye, tunamaliza."

Ami akaitikia upesi mno. Njiani sikumsemesha.

Maana mtandao wenyewe nilikuwa naujua. Juu yetu, ghorofa ya nne, ilikaa familia ya Kihindi yenye duka la vitasa na bawaba mtaani hapo. Wao ndio waliovuta waya wa intaneti, sisi tukawa tunachangia kidogo kila mwezi na kutumia waifai yao. Rauta yao ilikuwa juu ya kabati sebuleni kwao, na kati yao na sisi kuna zege la zamani, zege la watu waliokuwa hawaibi saruji. Kilichopenya kilifika sehemu moja tu, jikoni kwetu, juu ya sinki. Mama alikuwa anaongea na baba ameinama hapo kama anayeosha uso. Uso wa baba unakuja vipande vipande, mdomo unacheza, maneno yanafuata baadaye. Unasema shikamoo, unaendelea na habari nyingine, katikati ndipo marahaba inapokufikia.

Vifurushi vya simu tulijaribu pia. Kariakoo mchana, umati wote ule na kila mtu na simu yake, hata ujumbe wa maneno unafika kwa taabu. Na shehe alikuwa amepanga ndoa Ijumaa baada ya alasiri, saa ambayo mtaa mzima uko hewani.

Nikaanza na vya bure. Jirani mmoja alisema karatasi ya alumini inasukuma mawimbi, nikabandika alumini ukutani jikoni. Mwingine akasema mfuniko wa sufuria. Mama akaja akautaka mfuniko wake, wali unaharibika, nikamjibu vibaya, akanijibu vibaya zaidi. Baba bado vipande.

Kisha nikatoa pesa. Kijana mmoja wa duka la vifaa vya umeme pale Mtaa wa Aggrey aliniuzia kidude cha kuchomeka ukutani. "Sista, hiki unachomeka tu, mtandao unapiga mpaka kwa jirani." Nikakichomeka koridoni. Taa zikawaka zote, kijani tupu, nikapiga na kigelegele. Nikampigia baba. Kiduara kikazunguka. Wee! Nilisimama pale nikikitukana kile kidude mchana kweupe. Kumbe chenyewe kinarudia tu kile kinachokipata. Kimepata mtandao dhaifu, kinautawanya udhaifu ule ule nyumba nzima.

Nikarudi dukani nimekishika kama panya aliyekufa. Ukutani kuna maandishi makubwa, mali ikiuzwa hairudishwi. Nikayasoma kwa sauti, nikamwambia na wewe ulichoniuzia si mali. Watu wakajaa. Kariakoo haina shida ya mashahidi. Pesa hakunirudishia, lakini ili niondoke akanibadilishia, akanipa bunda la waya wa mtandao, refu, na viungio vyake viwili. "Chukua huu, sista. Waya hauna maneno mengi, unafika au haufiki." Hilo ndilo neno la maana nililolipata dukani kwake.

Nikapanda moja kwa moja mpaka ghorofa ya nne. Mama wa nyumba ile alikuwa mtu mzima, mkali kwa wafanyakazi na wachuuzi, na tulizoea kusalimiana ngazini basi. Nikamwamkia, nikamweleza kwa haraka. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba yako hajaja tangu lini?" Nikamwambia. Akaguna. Akaingia ndani, akatoka na rauta yao ya zamani ndani ya boksi lenye vumbi, akasema inafanya kazi, waliibadilisha kwa tamaa tu. Halafu akaenda dirishani akachukua lile kapu lake la kamba, analoteremshia wachuuzi wa mchicha barabarani, akaweka ncha ya waya ndani na kuliteremsha. "Shuka ukapokee, binti. Na usianguke, nitaambiwa mimi nimekusukuma."

Nikaukamata waya dirishani kwetu, mama amenishika kiuno na kunisomea dua. Nikauingiza, nikaupitisha pembeni mwa ukuta mpaka koridoni, nikachomeka rauta, nikaiweka juu ya kigoda karibu na mlango wa sebule. Jioni ile baba alitokea uso mzima. Mama aliisogelea simu, akasema, "Amezeeka, jamani." Alikuwa hajamwona vizuri miaka yote ile.

Mngedhani nimetulia. Kesho yake alasiri nikajaribu tena, saa ile ile ya ndoa, na baba akaganda mdomo wazi. Nilitaka kulia. Nikashuka chini kuvuta hewa, nikapita saluni ya wanaume, nikawakuta vijana wote wanaosubiri kunyolewa wanatazama mpira kwenye simu zao. Nikauliza wanatumia mtandao gani. Wakanitajia jina la waifai yetu bila wasiwasi. Neno la siri walikuwa nalo, fundi wa simu alikuwa nalo, mlinzi alikuwa nalo na ndiye aliyekuwa akiligawa. Sisi na wale wa juu tulikuwa tunalipa, ghorofa nzima inaangalia mpira. Nilipiga kelele pale mpaka kinyozi akazima mashine.

Mama wa juu hakupiga kelele. Asubuhi ya Ijumaa alibadilisha neno la siri, akaninong'oneza mimi peke yangu. Wanawe wenyewe hakuwaambia. Siku nzima nilisikia watu ngazini wakilalamika mtandao umekata, na mimi napita zangu na masinia ya pilau, kimya.

Baada ya alasiri wanaume wakajaa sebuleni, wanawake chumbani na biharusi. Mimi nilikaa koridoni nyuma ya pazia, jicho moja kwenye taa za rauta, jingine kwenye upenyo. Simu ilikuwa imesimamishwa mezani mbele ya shehe. Baba alivaa kofia nyeupe. Ami alikaa ubavuni kwa shehe, amejiweka sawa, yuko tayari. Taa zilikuwa zinapepesa, na moyo wangu unapepesa nazo.

"Mzee, tunasikizana?" shehe akauliza.

"Tunasikizana vizuri sana."

Hotuba ikasomwa, ndefu, nilitamani kuiharakisha. Hatimaye shehe akamwambia atamke. Baba akakohoa. Akasema, kila neno safi, kama yuko chumba cha pili, "Nimekuozesha binti yangu," na akataja jina langu.

Si la mdogo wangu. Langu.

Wanaume wakacheka. Ami akaruka. "Mtandao huo! Mtandao umechanganya!" Wengine wakaitikia, eti ndiyo, mitandao hii. Bwana harusi masikini amefungua mdomo hajui ajibu nini. Shehe akainua mkono. "Mzee, huyo si keshaolewa? Mtaje binti wa leo."

Nikazitazama taa, zote zinawaka. Nikachungulia simu, nikadhani baba ameganda. Hakuwa ameganda, alikuwa anapepesa macho. Akavua kofia, akajifuta nayo uso, akaivaa. Kisha akaanza upya, jina la mdogo wangu, na kijana wa Magomeni akajibu papo hapo, "Nimekubali kumuoa." Vigelegele vikalipuka chumbani mpaka kuta zikaitika.

Watu walipohamia kwenye sinia, mtu akanipitishia simu nyuma ya pazia, bado iko hewani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." "Wanasema mtandao uliharibu."

"Haukuharibu kitu, Baba."

"Lile neno nililizoea," akasema. "Tangu wakati wako. Getini pale nilikuwa nalirudiarudia, nikijua nitapata nauli, nitakuja kulisema. Sikupata. Leo likatoka lenyewe."

Nilitaka kumwambia nimesikia. Nikakaa chini kwenye viatu vya wageni, nikalia vibaya, kamasi na yote, naye akanitazama mpaka nikamaliza. Simu haikukatika.