Aliyeniosha Macho

Asubuhi zangu za miaka ile zilianza na giza, hata kama jua lilikuwa limeshapanda. Kope zilikuwa zimegandamana kwa utando mkavu wa njano, na nikijaribu kuzifungua kwa nguvu, nywele zake zinang'oka. Basi nilikuwa nalala hivyo hivyo chali, nasikia majirani wa mtaa wetu wa Bigo wakifagia viwanja vyao, nangoja. Halafu nasikia miguu ya dada yangu mdogo, na bakuli likiwekwa chini karibu na kitanda.

"Yaya, maji iko moto."

Yaya, yaani kaka mkubwa, ndivyo alivyoniita. Maji yale alikuwa ameshayapima kwa kiwiko, kama mama anayeogesha mtoto mchanga. Kitambaa kinawekwa juu ya macho yote mawili, kinapoa, kinachovywa tena, mpaka utando unalainika. Kisha anafinya kope kidogo kwa kidole, anafuta ukingo wake kwa pamba yenye maji ya sabuni, kutoka puani kwenda nje, polepole. Hapo naanza kuona: kwanza dirisha, halafu uso wake.

Sikusoma sana, niliishia darasa la tano, na tena ni mtu wa kujiuliza kila mara kama nakumbuka sawa. Lakini hili nalikumbuka sawa. Uso wake ndio ulikuwa kitu cha kwanza nilichokiona, karibu kila siku, kwa miaka mingi.

Wazazi wetu tuliwazika kule vilimani, upande wa Djugu, na mimi nikamleta mjini Bunia akiwa bado mdogo hata kujifunga kitambaa cha kichwa hajui. Nilikuwa fundi wa kushona. Mashine yangu ilikaa kwenye baraza ya duka moja kando ya barabara kubwa, na wakati wa kiangazi kila kamio, yaani lori, lililopita liliniachia vumbi usoni. Sijui kama ugonjwa uliletwa na vumbi, au moshi wa makala, makaa ya kupikia, au kazi yenyewe ya kukodolea sindano. Munganga wa dispanseri alisema hayo yote yanaongeza, ila shida iko ndani ya kope: mafuta yake yanaganda, jicho linakosa kilainisho chake, linakauka.

"Huu ugonjwa hauishake," aliniambia. "Ni wa kuosha kila siku, kama meno. Hii pomade ya kupaka ni ya siku mbaya tu. Na ukiwa unashona upepese macho, sitwayeni. Usikodoe sawa samaki."

Sitwayeni ni mwananchi, ndivyo watu walivyoitana wakati ule. Dada yangu alicheka sana ile ya samaki. Alikuwa amesimama pale ameshika mkono wangu, na ni yeye aliyesikiliza maelekezo yote. Mimi niliyasahau njiani. Tangu siku ile, jirani akija na majani ya kukamulia machoni, ama maziwa ya mama anayenyonyesha, dada yangu anamrudishia mlangoni.

"Mama, peleka hiyo dawa ku macho ya bwana yako!"

Alikuwa hajafika hata kimo cha dirisha, na tayari alikuwa na mdomo huo.

Alikua. Macho yangu yalibaki vilevile: mekundu, yenye nywele chache, makavu kama yamemwagiwa mchanga na mara nyingine yakitiririka maji bila kilio. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ninakunywa lutuku, ile pombe kali ya kuchemsha, mimi ambaye hata bia inanipa kichefuchefu. Wengine walisema neno baya zaidi, kwa sauti ya chini, maana kwetu mtu mzima mwenye macho mekundu asiye na mke wala mtoto hukosi kusikia anaitwa mulozi, mchawi. Sikuwalaumu sana. Hata mimi nikijitazama kwenye kioo nilikuwa najiuliza ni nani huyu.

Mchumba wa kwanza wa dada yangu alikuja na shangazi zake wawili. Niliwapokea mwenyewe. Nilijifuta macho, nikajifuta tena. Wale shangazi walitazamana, wakala kidogo, wakaaga vizuri. Hawakurudi tena. Asubuhi maji yalikuja kama kawaida. Baada ya hapo aliniletea miwani nyeusi kutoka soko la Nyakasanza.

"Uvae, Yaya. Sababu ya vumbi."

Niliivaa kwa furaha. Mpaka leo sijui kama kweli ilikuwa sababu ya vumbi.

Mchumba wa pili alikuwa kijana mfanyabiashara, jamaa zake wamehamia kutoka Butembo. Nilimpenda, hata kama tulikuwa tumeonana mara moja tu, jioni, kwenye giza la barazani. Na hapa niseme wazi nilikuwa nangoja nini. Kwetu, siku ya mahari, binti anaulizwa mbele ya watu wote kama vinywaji vya wageni vinywewe ama virudi. Akikubali, anachukua glasi ya kwanza, anapiga magoti, anampa yule aliyemlea. Glasi ile ndiyo inayosema kwamba huyu ni baba yangu. Sikuwa na mtoto wangu. Nilitaka ile glasi. Nilimshonea dada yangu gauni la siku hiyo, na mimi nikajishonea abakosi, lile koti la heshima lisilovaliwa tai, ya rangi ya majivu, nikaitundika ukutani nikawa naitazama.

Kiangazi kilipoanza akaniambia wageni wameahirisha, mzee wao mmoja anaumwa. Akaomba niende Aru, mpakani, kumtafutia dantela ya shela, lesi ile inayovuka kutoka Uganda.

"Weye ndiye fundi. Weye ndiye unajua kitambaa. Nitatuma nani mwingine?"

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Alinifungia mzigo mwenyewe: vitambaa safi, pamba, tube ya pomade, na maji yaliyochemshwa ndani ya termosi. "Usisahau kuosha macho," aliniambia. "Kule vumbi iko mingi."

Dantela niliipata upesi kuliko nilivyofikiri, na kamio la maharagwe likaniletea nafasi ya kurudi. Nilishuka Bunia mchana, macho yakiniwaka, nikatembea kwenda nyumbani. Kwa mbali nikasikia nyimbo kwenye kiwanja chetu. Niliogopa, nikadhani ni matanga, nikakimbia.

Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye mpera wangu. Watu wamekaa kwenye viti vya kanisa. Baba yetu mdogo, ambaye alikuwa haji Bunia isipokuwa kwa mazishi, alikuwa amekaa mbele kwenye kiti changu, amevaa abakosi yangu. Ilimbana mabegani.

Dada yangu alikuwa amesimama katikati, na gauni lake, glasi mkononi. Tulitazamana.

"Ni nani ule muzee ku mulango?" akauliza mama mmoja wa upande wa wageni.

"Ni fundi yetu," dada yangu akajibu. "Ndiye alishona hii nguo."

"Eh! Fundi, ingia! Njoo ukule na siye! Nguo iko muzuri kabisa!"

Mwanaume mmoja akapaza sauti, "Fundi, na ile macho ni ya lutuku ama ni ya furaha?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya.

"Ni ya vumbi," dada yangu alisema haraka, kabla sijafungua mdomo. "Ametoka safari." Kisha akageuka, akapiga magoti, akampa glasi baba mdogo. Vigelegele vikapigwa.

Nataka kuwa wa haki. Hakusema uongo. Nilikuwa fundi, gauni lilikuwa la mkono wangu, na vumbi lilikuwepo. Tena ningeweza kusema mwenyewe mimi ni nani. Sikusema. Niliona wale mbuzi, nikaona kijana anavyomtazama, nikafikiria wale shangazi wa zamani. Nilikaa karibu na ua, dantela juu ya magoti, na yule mama akaniletea sahani ya nyama na chupa ya sukre, soda, akaniambia nipumzike, safari inachosha. Alikuwa mtu mwema. Naamini hata angejua mimi ni nani asingeondoka. Lakini naamini tu. Dada yangu ndiye aliyetakiwa kujaribu, kwa ndoa yake mwenyewe.

Wageni walipokwenda, baba mdogo alivua abakosi, akaikunja vizuri juu ya kiti. "Mimi niliitwa tu," alisema, akatoka nje kuangalia mbuzi.

Nikamwambia dada yangu, "Uliniambia wameahirisha."

Alikuwa anakusanya glasi, hakunitazama. "Wale wa kwanza walikimbia nini, Yaya? Uniambie weye mwenyewe."

Nikajifuta macho.

"Ningebakia hapa mupaka wakati gani?" alisema. "Nikichemusha maji?"

Mambo ya mbuzi na kiti ningeweza kuyameza. Hata glasi, labda. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba maji yale yalikuwa yanamlemea. Nilidhani asubuhi ilikuwa yetu sisi wawili. Najiuliza kama nilikuwa mjinga siku zote, au kama alilisema tu kwa sababu nilimbana. Yote mawili yanawezekana.

Kesho yake niliamka macho yamegandamana kuliko siku nyingine, sababu ya safari, na sababu nililala bila kuosha. Nililala chali, gizani. Nikasikia miguu yake. Bakuli likawekwa chini.

"Yaya, maji iko moto."

Akanigusa paji la uso. Nikaushika mkono wake, nikautoa, nikatafuta kitambaa ndani ya bakuli kwa kupapasa.

"Acha," nilimwambia. "Fundi yenu atajiosha mwenyewe."

Sikusikia akiondoka. Nilijiwekea kitambaa, nikakichovya tena, nikafuta vibaya, nywele mbili tatu zikatoka na utando. Yeye alikuwa amesimama palepale, nasikia anavyopumua, wala hakunisaidia, maana nilikuwa nimemkataza. Na hili pia lazima niliandike, maana ni kweli: maji yalikuwa yamepimwa. Hayakuunguza, wala hayakuwa yamepoa.