Baba Alivyonipokea Kama Mkimbizi

Nilimnyima baba yangu dawa iliyokuwa ikimlindia akili, tena nikajipongeza. Ilikuwa chupa ya maji mazito, matamu kama asali, aliyopewa hospitalini baada ya kuambiwa kwamba ini lake limekakamaa. Daktari aliagiza anywe asubuhi na jioni, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Mimi kusikia choo laini tu, nikashtuka.

Mtu ambaye hakuishi Ngara miaka ile anicheke taratibu. Watu walikuwa wamevuka mto kutoka Rwanda kwa maelfu, wamejaa kwenye vilima tulikochungia ng'ombe, na kipindupindu kilikuwa jirani yetu. Kila siku gari lenye kipaza sauti lilipita barabarani: nawa mikono, chemsha maji, anayeharisha aletwe haraka. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walishapata kazi kambini, wakitafsiri na kuandikisha watu. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu napenda kitanda changu na ndizi za mama, ingawa nilitangaza kwamba nimebaki kumwuguza mzee. Basi nilipoona anakimbilia chooni tena na tena kabla jua halijakaza, baiolojia yangu yote ikanipanda kichwani. Nikaificha chupa darini, nikaanza kumnywesha uji wa mchele na maji ya chumvi na sukari. Tumbo likafunga. Nikamwambia mama, umeona faida ya kusomesha?

Kisha baba akaanza kutupotea akiwa palepale nyumbani. Alivaa sweta nje ndani. Alichukua jembe, akafika kwenye migomba, akasimama akiliangalia kama kitu alichookota. Mchana alisinzia juu ya sahani, usiku alizunguka uani akitafuta ng'ombe tuliokwisha kuwauza. Mikono nayo haikutulia. Akishika kikombe, chai inamwagika. Wengine walisema amerogwa. Wengine wakasema ni pombe ya ndizi hiyo, naye hakuwa ameionja tangu augue. Mimi sikukaa kitako. Nilitoka mlangoni hadi barabarani, nikarudi, nikatoka tena, kana kwamba akili za mzee zingepita na malori ya chakula cha kambini.

Nyumba yetu ni ya utani. Kwa hiyo asubuhi moja aliponitazama na kuniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" nilidhani ananichokoza kwa uvivu wangu. Nikamjibu kwamba mimi ni mkimbizi, nimevuka juzi, natafuta pa kulala.

Baba hakucheka. Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi.

"Pole, mwanangu. Kaa hapa. Mama, mpe huyu chakula, ametoka mbali."

Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sikuwa nimeuzoea, kama wazazi wangu walipona.

Mama aliweka sahani ya maharage mbele yangu, akaenda nyuma ya nyumba na hakurudi upesi. Nikayala yale maharage kigenigeni, nikiogopa hata kuomba chumvi.

Siku hiyohiyo tulipata lifti ya pikapu hadi hospitalini. Daktari alimwambia baba anyooshe mikono, viganja vikitazama mbele, kama anayesimamisha gari. Viganja vikapepea vyenyewe. Akamwuliza tuko msimu gani. Baba akasema ni wakati wa kupanda maharage, nasi tulishayavuna. Ndipo daktari akanigeukia mimi, akauliza mzee anapata choo mara ngapi. Kwa majivuno machache yaliyobaki nikajibu kwamba hilo nimelidhibiti, sasa hata siku nne hupita.

Daktari akavua miwani. Akanieleza polepole kwamba ini ndilo linalosafisha sumu zinazotoka utumboni. Likikakamaa, sumu hupita na damu hadi kwenye ubongo. Mtu anasahau, anageuza usiku kuwa mchana, mwisho anaweza kulala asiamke. Ile dawa kazi yake ni kuzitoa sumu hizo kwa njia ya choo kabla hazijapanda.

"Wewe ulimfungia mlango," akasema, "sumu ikabaki ndani."

Akavaa miwani tena, akaandika karatasi ya kumlaza. Alikuwa na foleni.

Walimlaza, wakamwanzishia dawa upya. Alipoanza kukimbilia chooni ndipo alipoanza kurudi. Kwanza alimtambua mama, kesho yake akaniita jina langu, akataka kujua nani anapalilia kahawa. Ule ugeni wangu hakuukumbuka kabisa, nami sikumkumbusha. Lakini daktari alituonya: ini halirudi kuwa jipya, na akili inaweza kupotea tena wakati wowote.

Tangu hapo sikupata utulivu. Nilimvizia kila anapotamka jambo. Nilimwuliza leo ni siku gani, akanijibu ni siku yangu ya kulima. Nikafurahi kwa jibu, kisha nikalitilia shaka, nikauliza tena.

Jioni moja jirani yetu, mama mjane wa shamba la chini, alituletea kikapu cha viazi. Kabla sijamaliza kumwamkia shikamoo, baba akainuka ghafla kuelekea nyuma ya nyumba. Nikaruka, nikamkamata mkono, nikamwuliza anakwenda wapi na mimi ni nani. Baba akajaribu kujinasua. Jirani alituangalia, kikapu kikiwa bado kichwani.

"Mwachie mkono. Baba yako anakwenda kunya, haendi kufa."