Pikapu Iliyopimwa Kutoka Ng'ambo

Pikapu ilifika kwetu Kalimoni Jumapili moja baada ya kanisa, na kaka yangu aliyeituma alitaka tumshukuru kwa video. Yeye anaishi ng'ambo, miaka mingi sasa. Nilimshika mama mkono tukasimama mbele ya boneti, jirani akaturekodi, mama akasema asante kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili, kisha akamwombea baraka mpaka simu ikakaribia kuzima. Na mimi nilishukuru kwa dhati. Figo za mama zilikuwa zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe Thika kusafishwa damu kwa mashine, na kumtoa nyumbani kwa magari ya kukodi kulikuwa kumenichosha mwili na roho.

Lilikuwa gari la haibridi, yaani lina injini ya petroli na pia mota ya umeme, na betri yake inajichaji yenyewe unapokanyaga breki. Kaka alinieleza hayo kwa simu kama anayemfundisha mtoto.

"Hiyo gari inaenda kilomita kumi na saba kwa lita moja," aliniambia. "Kumi na saba! Hapo Kenya nani ana pikapu kama hiyo?"

Nikamwambia hakuna. Nikaamini.

Jambo ambalo hakuniambia siku hiyo ni kwamba gari lilikuwa limeunganishwa na simu yake. Kila nilipowasha injini, yeye huko aliko aliona. Aliona nilikopita, niliposimama, na mafuta niliyochoma. Nilikuja kujua wiki ya pili, nikiwa dukani kwangu Gatongora nikipima chakula cha kuku cha mteja. Ujumbe ukaingia. Haukuwa na salamu.

"Jana umefanya kumi tu kwa lita. Unaendesha aje?"

Nilisoma mara mbili. Nilidhani amekosea mtu.

Acha nieleze jinsi nilivyokuwa nikiendesha. Siku ya hospitali niliamka, nikafunga duka, nikatoka Gatongora kwenda kumchukua mama Kalimoni, nikapenya msongamano wa Ruiru mpaka kwenye barabara kuu. Hapo kwenye msongamano ndipo pikapu ilipofurahi. Ilijikokota kimya kwa umeme, injini imelala, na kwenye kioo kidogo cha dashibodi namba ya kilomita kwa lita ilikuwa nzuri ajabu. Lakini barabara ikifunguka baada ya Ruiru, ukikanyaga mafuta, injini inaamka na namba inaanza kushuka. Kisha unaacha lami unaingia murram ya kwetu, yenye mawe na mashimo, gia ndogo, breki, gia ndogo. Namba inashuka tena. Nyuma kulikuwa na magunia ya chakula cha ng'ombe niliyochukua kwenye kinu cha Mugutha, kwa sababu ng'ombe wa mama hawajui kwamba siku ya hospitali si siku ya kula. Kiangazi kilipozidi, kulikuwa na mapipa ya maji. Pikapu ni ya kubeba. Nilibeba.

Kaka hakujua murram. Alijua namba.

Jumbe zikaendelea. Kwa nini umepita Mugutha? Kwa nini umetoka kwa kasi pale Juja? Punguza mguu. Zima eya kondishen. Usibebe vitu bila sababu. Mara akanitumia video ya mzungu mmoja akiendesha gari kama letu kwenye barabara iliyonyooka kama rula, hana mzigo, hana abiria, anatabasamu. "Ona vile huyu anafanya," aliandika. Nikaitazama nikiwa nimesimama zizini na buti zimejaa mavi. Niliona damu ikinipanda kichwani.

Lakini nilinyamaza. Kwetu tumelelewa kwamba anayetuma haulizwi, na anayepokea hajibizani naye. Nilikuwa nikimwandikia "sawa". Nikiyakumbuka yale ma-sawa yangu nataka kurusha simu ukutani.

Kilichonivunja ni jambo la mashine. Mama akitolewa kwenye mashine huwa anashikwa na baridi. Si baridi ya kawaida. Anatetemeka mpaka meno yanagongana, hata jua la Thika liwe linayeyusha lami. Wauguzi walinieleza kwamba huwatokea wengine, nimfunike na nimpashe joto. Basi nikimtoa namlaza kiti cha nyuma, namfunika blanketi mbili, nawasha hita na madirisha nimefunga. Nje watu wanatembea na miavuli ya jua. Ndani mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, namsugua mama miguu, naimba wimbo wowote wa kanisani unaonijia. Hatuwezi kuondoka akiwa hivyo, kwa sababu akitikiswa anatapika. Betri ya umeme inaisha haraka na hita, kisha injini inawaka ili kuichaji, inazima, inawaka tena. Tunakaa hapo mpaka atulie.

Siku moja ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Nilimfikisha nyumbani, nikamlaza, nikamkorogea uji. Simu ikalia.

"Leo gari ilisimama Thika karibu masaa mawili injini ikiwaka," kaka alisema. "Ulikuwa unafanya nini? Unaongea na nani kwa gari?"

Nilikata simu nikatoka nje, nikapiga teke ndoo ya maziwa iliyokuwa tupu, ikaviringika mpaka kwenye ua. Mama akauliza kutoka ndani, "Nĩ kĩĩ, maitu?" Ni nini, mama yangu. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikamwambia ni paka.

Baada ya hapo kaka aliamua kunifunza adabu kwa hesabu. Mafuta tulikuwa tunajaza kwa kadi yake ya kituo kimoja cha petroli cha Ruiru. Akapunguza kiasi cha kadi. Alipima kwenye ramani ya simu umbali wa kutoka kwangu mpaka kwa mama, mpaka Thika, kurudi mpaka kwa mama, kisha mpaka kwangu. Akagawanya kwa kumi na saba, na hizo ndizo lita kadi ilizokubali kwa safari. Mhudumu wa kituo alinitazama kwa huruma.

"Madam, imekataa hapo. Niongeze kwa cash?"

Mfukoni nilikuwa na pesa za dawa ya mama tu. Nikatazama geji, nikaona kuna kilichobaki cha juzi, nikasema tutafika.

Tulifika Thika. Mama akasafishwa, akatetemeka, nikawasha hita kama kawaida. Wakati wa kurudi taa ya mafuta iliwaka kabla ya Juja. Nikapunguza mguu kama yule mzungu wa video. Nikazima kila kitu. Tulipoacha lami injini ilikohoa ikanyamaza, na ile mota ya umeme ikatusukuma taratibu, kimya, kama gari linasukumwa na mizimu, hatua chache za ng'ombe. Kisha likasimama katikati ya barabara.

Mama alikuwa amelala. Aliamka kwa sababu ya ule utulivu.

"Tumefika?"

"Bado, mum. Gari imeisha mafuta."

"Haiya. Gari mpya?"

Nilimsimamisha kijana wa bodaboda aliyekuwa akirudisha mitungi ya maziwa, nikampa ile pesa ya dawa akaniletee petroli. Nikabaki pale na mama. Vumbi la kila lori lililopita lilituingia. Alianza kusikia kichefuchefu. Alitapika kwenye mfuko wa unga, nikamshika paji la uso, na nikampigia kaka simu kwa mkono wa pili. Kwake kulikuwa mapema, sauti ilikuwa ya usingizi.

"Tumekwama barabarani na mama," nilimwambia. "Mafuta yameisha."

Nikasikia akifungua kitu kwenye simu.

"Haiwezekani," alisema. "Kwa hesabu yangu yalikuwa yanatosha."

Huwa najaribu kueleza watu nilivyojisikia wakati huo na nashindwa. Mama yangu alikuwa ananitapikia mkononi, na mtoto wake aliyemnyonya alikuwa ananiambia haiwezekani. Nilimwambia neno moja la Kikuyu ambalo sitaliandika, kwa sababu mama alilisikia na akanikemea hapo hapo, mgonjwa hivyo alivyokuwa.

Jioni hiyo niliegesha pikapu nyuma ya zizi, nikaifunika turubai, funguo nikampa mama aweke kabatini. Nilimwandikia kaka: "Gari lako liko salama. Halitachoma hata tone." Nikarudi kwenye magari ya kukodi. Alipiga simu nikaacha ilie. Shangazi zetu walinipigia kwa niaba yake, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliniambia mwanamke hafai kuwa na kiburi na kitu ambacho hakununua. Nikamwambia aje yeye amsugue mama miguu. Hakuja.

Kaka alikuja Disemba. Sikuenda kumpokea. Nilimkuta Kalimoni asubuhi ya siku ya hospitali, ametoa turubai, anafuta pikapu vumbi. Amenenepa, ana mvi. Tulisalimiana kama watu wa benki.

"Leo naendesha mimi," alisema. "Nikuonyeshe."

"Endesha."

Nilikaa nyuma na mama. Aliendesha murram akiyumba, akilaani kila shimo, akisimama ghafla na kuondoka ghafla. Alipofika barabara kuu alikanyaga. Nilimwona akitupa jicho kwenye dashibodi, na kila akitupa jicho mabega yalikaza. Nilikuwa na uwezo wa kuiona namba kutoka pale nyuma. Ilikuwa tisa. Nakiri nilifurahi, na ilikuwa furaha chungu.

"Petroli ya huku ni chafu," alisema tulipofika Thika.

"Inaweza kuwa," nikajibu.

Mama alipotoka kwenye mashine alikuwa amebadilika rangi. Tulimbeba sote wawili. Tukamlaza, akaanza kutetemeka. Kaka hakuwa amewahi kuona. Alisimama mlangoni na blanketi mkononi akiwa hajui aanzie wapi.

"Washa hita," nikamwambia. "Mpaka mwisho. Na ufunge mlango."

Aliwasha. Tukakaa. Shati lake lilishikana na mgongo. Injini iliwaka, ikazima, ikawaka. Baada ya muda aliuliza kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Huwa inachukua muda gani?"

"Mpaka aache."

"Na wewe hufanya hivi kila mara?"

"Nani mwingine?"

Mama akasema kutoka chini ya blanketi, meno yakigongana, "Msigombane ndani ya gari, mtaniua." Kaka akaweka kichwa kwenye usukani.

Nilitarajia angeomba msamaha. Hakuomba. Jioni, mama akiwa amelala, alianza tena pale mezani, eti bado kuna namna ya kuokoa mafuta, tukibadilisha magurudumu, tukipunguza upepo unaolizuia gari. Hapo nililipuka. Sikupiga kelele, mama alikuwa chumba cha pili, lakini nilitetemeka kama yeye.

"Wewe uliniuliza naongea na nani kwa gari," nilisema. "Mimi! Na mamako akitetemeka nyuma yangu. Umenichunga kama mwizi. Hukuwahi kuuliza hata siku moja, mama ameamkaje. Uliuliza lita."

"Hiyo app ndiyo njia pekee ya mimi kujua mko wapi," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nikiona gari imefika Thika, najua amefika. Nikiona imerudi nyumbani, ndiyo nalala. Hizo namba nilikuwa nauliza kwa sababu... sijui. Ndizo zilikuwa hapo."

"Kuna simu. Simu inapigwa."

"Nikipiga, mtaniambia ukweli?"

"Umewahi kujaribu?"

Nilitaka kumwonea huruma, na labda nilimwonea kidogo, lakini hasira haikuondoka kumpisha. Zilikaa pamoja. Nilimwambia aitenganishe simu yake na gari nikiona kwa macho yangu, ama gari lirudi chini ya turubai. Alisema wezi wa magari ni wengi. Nikamwambia wezi nitajuana nao mwenyewe. Tulitazamana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alitoa simu, akabonyeza, akanionyesha. Kadi ya petroli pia aliirudisha kama zamani.

Aliondoka baada ya mwaka mpya. Siku hizi anapiga simu asubuhi za hospitali, kabla sijatoka Gatongora, na anauliza kuhusu mama kwanza. Mara nyingine ulimi unamteleza.

"Na gari inaendelea aje? Inafanya ngapi?"

"Inafanya kazi," namwambia, na namkatia hapo.

Namba yenyewe haijapanda. Kumi, siku nzuri kumi na moja, siku za maji na magunia tisa. Juzi nikiwa kituoni mwanamume mmoja mwenye lori aliinama dirishani akaniuliza kama ni kweli haya magari ya haibridi hayanywi mafuta, kwa maana anafikiria kununua. Nilimuuliza anakaa wapi, anabeba nini, na anambeba nani. Akashangaa. Alisema alitaka namba tu.

Nikapandisha kioo nikaondoka. Mama alikuwa ananingoja.